Ukiuza dondoo, tuandikie kipimo chake

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua za wasomaji. Nitakuwa mrefu kidogo, univumilie. Matangazo ninayotaka kuyasema nayo si mafupi.

Kwa majuma kadhaa sasa gazeti lako limekuwa likichapa, ukurasa wa jirani na michezo, tangazo la chupa ya mitishamba "inayosafisha na kulinda mishipa ya damu" kwa watu wenye presha, sukari na vitambi. Redioni nalisikia pia, na huku Ngamiani limeshapitishwa kwa kipaza sauti juu ya bajaji, asubuhi watu wakinywa chai. Sina ugomvi na mimea. Mimea ndiyo inayonilisha. Nauza viungo: mdalasini, karafuu, iliki na pilipili manga inayoshuka kutoka Amani na vijiji vingine vya Muheza. Na kabla ya kustaafu nilikuwa fundi sanifu wa maabara. Nilikausha majani na magome, nikayasaga, nikayaloweka kwenye spiriti, nikachuja, kisha nikapima kilichobaki. Kwa hiyo tangazo lile linanigusa mara mbili, na kusema kweli mara moja kati ya hizo linanitia faida, maana kila likisomwa redioni wanunuzi wa mdalasini huongezeka.

Hoja yangu ni moja. Mtu akishachukua jani akalitoa dondoo, yaani akaliloweka na kuchuja nguvu yake, akalitia kwenye chupa na kumuuzia mgonjwa wa presha, ametoka jikoni ameingia kwenye kazi ya dawa. Basi tumuulize maswali ya dawa, na la kwanza ni hili: ndani ya kijiko kimoja kuna nini, na kuna kiasi gani?

Aliyenifanya nishike kalamu ni mama mmoja anayekaanga samaki upande wa Deep Sea. Alikuja akataka mdalasini nusu kilo. Mtu wa nyumba moja hanunui mdalasini nusu kilo, nikamtania.

"Pana shughuli, mama? Waoza?"

"Namuoza nani, mzee wangu! Ni mishipa hii. Nimeambiwa nichemshe, glasi asubuhi, glasi jioni, nishushie na dawa yao."

Akafungua mkoba, akatoa chupa. Nyuma ya chupa, ndani ya mfuko wa nailoni uliofungwa kwa raba, zikaonekana karatasi za vidonge vya kliniki, mbili zikiwa hazijaguswa hata tundu moja.

"Na hivi?"

"Hivyo nimeviweka kwanza. Wamesema nisichanganye."

Nikaisoma lebo. Ilikuwa ya karatasi ya kawaida, wino umeanza kuchuruzika kwa jasho la mkono. Moyo mwekundu, jani la kijani, na orodha: presha, sukari, kitambi, ganzi, mishipa kuziba, nguvu za kiume, bawasiri, uzazi. Vijiko viwili kutwa mara tatu. "Imetengenezwa kwa mimea saba ya asili." Mimea gani, haikusema. Mizizi, magome au majani, haikusema. Imetengenezwa lini, itakwisha lini, kimya. Namba za simu zilikuwa tatu, tena kwa herufi nene. Nikamwomba nifungue kifuniko. Kilichonipiga puani kwanza ni karafuu, nyingi mno, na nyuma yake spiriti. Harufu hiyo nimeishi nayo ujana wangu wote, siwezi kuikosea.

Nikampimia mdalasini wa pilau, nikamwambia aende kliniki na chupa na vidonge pamoja, amwonyeshe muuguzi vyote. "Atanigombeza," akasema. Hilo nitalirudia hapo chini, kwa sababu lawama hii si ya wauza chupa peke yao.

Sasa, mishipa yenyewe. Tangazo linatuchorea mshipa wa damu kuwa ni bomba la jikoni lililoganda mafuta, na chupa inakuja kulizibua. Picha hiyo inauzika, ila haifanani na kilichomo mwilini. Mshipa ni kitu hai. Ndani umetandikwa tabaka moja tu la seli, na tabaka hilo lina kazi: linahisi mwendo wa damu, linatoa hewa iitwayo naitriki oksaidi, na hewa hiyo inaiambia misuli ya ukuta wa mshipa ilegee ili damu ipite kwa nafasi. Mwaka 1980 Mmarekani Robert Furchgott alionyesha jambo hili kwa vipande vya mshipa mkuu wa sungura. Alivitilia kemikali iitwayo asetilikolini. Vipande ambavyo tabaka la ndani limebaki salama vililegea; vile vilivyosuguliwa ndani wakati wa kuandaliwa, tabaka likatoka, vilikataa kabisa kulegea. Mwaka 1998 yeye, Louis Ignarro na Ferid Murad wakapewa Tuzo ya Nobel kwa kazi ya kuijua hiyo hewa. Sisi watu wa maabara tunaipenda habari hii kwa sababu imeanzia kwenye namna kipande kilivyoshikwa mezani.

Mtu akiwa na sukari ya juu, mafuta mengi kwenye damu na presha, tabaka lile linaumia. Linatoa hewa kidogo, na hata hiyo kidogo inaharibiwa na chembe kali za oksijeni kabla haijafanya kazi. Ukuta unakakamaa. Mafuta yanapenya chini ya tabaka, ndani ya ukuta wenyewe, na mwili unayazungushia uvimbe na makovu. Niambie, Mhariri, hapo unasafisha nini kwa vijiko viwili? Kinachosaidia ni kuupunguzia mshipa kipigo, kila siku, kwa miaka.

Na mambo haya hayaji moja moja. Mwaka 1988 Gerald Reaven wa Chuo Kikuu cha Stanford alieleza kwamba sukari, presha na mafuta mabaya kwenye damu hutembea pamoja, na nyuma yake upo mwili uliokuwa mgumu kuitikia insulini, homoni inayoshusha sukari. Leo madaktari wanaita sindromu ya kimetaboliki, nao wanahesabu vitu vitano: kiuno kinene, presha kuanzia 130 kwa 85, sukari ya kabla ya kula kuanzia 5.6, mafuta ya trigliseridi kuanzia 1.7, na kolesteroli nzuri iliyo chini. Ukiwa navyo vitatu, umeingia. Kiuno wanachokitumia kwa watu wetu ni sentimita 94 kwa mwanamume na 80 kwa mwanamke. Mimi kiuno, presha na sukari vyote ninavyo, na kadi ya kliniki ninayo, kwa hiyo asije mtu kuniambia nazungumza ya wenzangu. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 ulikuta takriban mtu mzima mmoja kati ya wanne nchini, wa miaka 25 hadi 64, ana presha ya juu. Ukikaa kwenye baraza yoyote ya kahawa hapa Tanga mkafika wanne, jihesabuni.

Je, mimea inaweza kuulinda mshipa? Ndiyo, baadhi, kwa kiasi fulani. Hapa nitawaudhi madaktari wawili watatu ninaowajua, lakini ukweli usemwe pande zote. Rozela, ambayo wengine wanaiita choya, imejaribiwa kwa watu. Mwaka 2010 watafiti wa Boston waliwapa watu wazima 65 wenye presha iliyopanda kidogo vikombe vitatu vya chai ya rozela kila siku kwa wiki sita, kila kikombe mililita 240, na wengine wakapewa kinywaji cha kufanana kisicho na rozela. Namba ya juu ya presha ilishuka kwa 7.2 kwa wanywaji wa rozela, na 1.3 kwa wale wengine. Si haba. Ila ile ilikuwa chai tupu. Juisi ya rozela inayouzwa kwetu kwenye vikombe vya plastiki ina sukari ya kumtosha mtoto wa shule kutwa nzima, na mwenye kisukari anainywa akijipa moyo kwamba anajitibu.

Kitunguu saumu nacho hushusha presha kidogo, kimepimwa mara nyingi. Mlonge, unaosifiwa kuliko wote, ushahidi wake kwa binadamu bado ni mwembamba kuliko sifa zake. Manjano yana kiambata, yaani kemikali ya mmea wenyewe, kiitwacho kurkumini, kinachofanya maajabu kwenye kisahani cha maabara, lakini ukiyala, utumbo na ini havikipi njia. Kinachofika kwenye damu ni kidogo sana. Mwaka 1998 watafiti wa India waliongeza miligramu 20 za piperini, ukali wa pilipili manga, kwenye gramu mbili za kurkumini, na kiasi kilichoingia kwenye damu ya watu kikaongezeka kwa asilimia 2,000. Wauzaji waliisoma habari hiyo wakashangilia. Hawakusoma upande wa pili: piperini haichagui. Inaongeza pia kiasi cha dawa nyingine kwenye damu, propranololi ya presha ikiwamo. Pilipili manga ya kwenye mchuzi haina neno. Iliyokamuliwa ikatiwa kwenye kapsuli ni habari nyingine.

Hapo ndipo lilipo jambo ninalolipigania. Jani na dondoo lake havifanani kazi. Mfano mzuri uko kwenye mashamba yetu wenyewe ya chai kule Amani. Chai ya kijani kikombeni watu wamekunywa karne na karne. Lakini mwaka 2018 Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya ilipopitia vidonge vya dondoo la majani hayohayo, ikakuta kwamba kuanzia miligramu 800 kwa siku za kile kiambata chake kikuu, vipimo vya ini vya baadhi ya watu vinaanza kupanda. Mmea ule ule. Kilichobadilika ni kipimo.

Nichukue mdalasini, bidhaa ninayoijua kwa vidole. Mdalasini wetu wa Amani ni gome la ndani la tawi changa. Umekunjwa tabaka nyingi, moja ndani ya nyingine, rangi yake ya kahawia hafifu, na ukiubana kwa vidole unasagika. Sokoni unakutana pia na kasia inayoagizwa nje: gome moja nene, jekundu zaidi, limejikunja pande mbili likakutana katikati, na kulivunja utatafuta nyundo. Kasia ndiyo yenye ladha kali, na watu wengi wanaipenda kwa hilo. Ndani yake mna kumarini, kitu kinachoweza kuliumiza ini la baadhi ya watu kikizidi. Wazungu wameweka kikomo cha miligramu 0.1 kwa kila kilo ya uzito wa mtu kwa siku, yaani miligramu 6 kwa mtu wa kilo 60. Gramu moja ya kasia inaweza kubeba miligramu tatu, na nyingine zaidi ya hapo. Gramu mbili tatu kila siku, kikomo umekigonga. Mdalasini halisi unayo kidogo mno, hauna shida hiyo.

Vikishasagwa, mimi mwenyewe baada ya miaka yote hii siwezi kuapa kwa macho kwamba unga huu ni upi. Sasa vitie kwenye spiriti, ambayo huvuta vitu ambavyo maji hayavivuti, changanya na mimea mingine sita, funga chupa. Nani atajua? Na hata mti mmoja haukupi kipimo kimoja. Gome la msimu wa mvua na la kiangazi, la mti mchanga na mti mzee, la bondeni na la mlimani, yote hutofautiana. Ndiyo maana maabara huchagua kiambata kimoja cha kushikia, ikakipima kwenye kila mzigo, ikaongeza au ikapunguza mpaka chupa ya leo ilingane na ya mwezi ujao. Asiyefanya hivyo anakuuzia kitu kingine kila mara kwa lebo ileile.

Wapo wanaosema kwamba kudai vipimo ni ukoloni, tunaidharau tiba ya wazee wetu. Waende Amani. Pale Wajerumani walianzisha taasisi yao ya utafiti mwaka 1902, wakapanda miti ya sinkona. Vita ya Kwanza ilipokuja, meli za Waingereza zikafunga bahari, dawa ya malaria ikawa haiingii. Kwinini ikatengenezwa palepale Amani kwa magome ya miti ile, mpaka Waingereza walipoichukua Amani mwaka 1916. Magome ya sinkona hayalingani kwinini, mti kwa mti, kwa hiyo ilibidi yapimwe. Walioshika vinu na kukoroga masufuria hawakuwa Wajerumani peke yao, bwana; babu zetu walikuwamo. Kupima dondoo ni kazi iliyofanyika kwenye mlima wetu zaidi ya miaka mia iliyopita. Siyo jambo geni tuliloletewa juzi na watu wa Dar es Salaam.

Na vidonge alivyoviweka yule mama? Kimojawapo kilikuwa metformini. Ukifuata ukoo wake unafika kwenye mmea: galega, jani la Ulaya lililotumika zamani kwa watu wenye dalili za kisukari, na ambalo likiliwa kwa wingi na kondoo huwaua. Wanakemia walitafuta ndugu wa kiambata cha galega asiye na sumu ile. Metformini ilitengenezwa maabara mwaka 1922, ikasahauliwa, na mwaka 1957 Mfaransa Jean Sterne akatangaza kwamba ameitumia kwa wagonjwa wa kisukari. Kwa hiyo aliyekwambia uache "kemikali za hospitali" unywe "mimea", amekuachisha kitu kilichotoka kwenye mmea, kikapimwa miaka na miaka, akakupa kingine kilichotoka kwenye mmea ambacho hakijapimwa hata siku moja. Kwangu hilo ndilo baya kuliko yote. Chupa ile huenda isingemdhuru sana. Kuacha vidonge kutamdhuru, na presha haitapiga hodi.

Tunalijua jambo hili. Mwaka 2011 nchi nzima ilipanda magari kwenda Loliondo kunywa kikombe cha shilingi 500, na waliokuwa na sukari na virusi wakaacha dawa zao majumbani. Sitaki kuyafukua yale. Nasema tu kwamba kumbukumbu zetu zisiwe fupi kiasi hicho.

Kuna na la kuchanganya, ambalo wenye chupa wanalitumia vibaya. Ni kweli kwamba baadhi ya vitu havikai na baadhi ya dawa. Balungi, tunda tu, huzuia kimeng'enya cha utumboni kinachopunguza baadhi ya dawa, na anayemeza nifedipini ya presha au simvastatini ya kolesteroli akalinywa balungi kila siku, dawa inazidi kwenye damu yake. Kitunguu saumu kwa wingi na dawa za kuyeyusha damu kama warfarini huweza kuleta kutoka damu. Ushauri sahihi basi ni kumwuliza mfamasia au muuguzi. Wenye chupa wameugeuza: hairuhusiwi kuchanganya, kwa hiyo acha vya hospitali. Mbona hawasemi acha yetu?

Linganisha na watu waliofanya kazi hii kwa adabu. Huko Marekani kuna jaribio kubwa la dondoo la kakao, matokeo yake yalitoka mwaka 2022. Watu 21,442, wanaume kuanzia miaka 60 na wanawake kuanzia 65. Kipimo kiliandikwa: miligramu 500 za flavanoli, viambata vya kakao, kwa siku. Nusu walipewa dondoo, nusu vidonge visivyo na kitu, na mmezaji hakujua anameza kipi. Kampuni ya chokoleti ya Mars ilichangia, na hilo likatajwa wazi. Matokeo? Ukijumlisha matukio yote ya moyo na mishipa, tofauti haikutosha kudai ushindi. Vifo vya moyo na mishipa peke yake vilikuwa pungufu kwa asilimia 27, nao wenyewe wakasema hilo linahitaji kuthibitishwa tena. Yaani watu wenye fedha zote zile, na zao la kuuza, wamerudi kutuambia "labda". Jamaa wa bajaji anaahidi mishipa safi kwa "siku 21".

Na tusiseme kwamba haiwezekani kwetu. Miaka ya 1990, ugonjwa wa UKIMWI ulipoanza kutumaliza, waganga wa tiba asili wa mkoa huu, wa Pangani wakiwamo, walikaa pamoja na watu wa hospitali ya Bombo katika Tanga AIDS Working Group. Mganga alileta mti wake, daktari alileta kipimo chake, mgonjwa akafuatwa mpaka nyumbani. Hakuna aliyemficha mwenzake. Leo Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ipo tangu 2002, Baraza lake lipo, Taasisi ya Tiba Asili ipo Muhimbili, Mkemia Mkuu wa Serikali ana maabara. Njia ya kupita ipo. Ni ndefu na ina gharama, sikatai, na mtengenezaji mdogo anaumia. Lakini anayepata fedha ya kulipia ukurasa wa gazeti na dakika za redio asituambie kwamba amekosa ya kupimia sampuli.

Sasa nije kwa wauguzi wetu. Yule mama aliogopa kugombezwa, na woga wake una sababu. Nami nimeshakaa kwenye benchi la kliniki nikasikia mtu mzima, bibi wa watu, akifokewa mbele ya foleni kwa kusema anakunywa mwarobaini. Unadhani waliobaki kwenye foleni walisema nini zamu zao zilipofika? Walisema hawatumii chochote. Muuguzi akaandika hatumii chochote. Presha isiposhuka daktari anaongeza dozi, na kumbe vidonge viko kwenye mfuko wa nailoni havijaguswa. Naomba swali liwe, "Na nyumbani unatumia nini kingine, mama?", kwa sauti ileile ya kuuliza umekula saa ngapi. Jibu liandikwe kwenye kadi. Akija na chupa, ipokelewe, isomwe, na mwenyewe aelezwe vidonge gani asiache hata iweje.

Kwako, Mhariri, ninajua matangazo ndiyo yanayolipia karatasi ninayoisoma. Sikuombi uyatupe. Naomba kabla ya kulipokea tangazo la dondoo la presha au sukari, dawati lako limwulize mwenyewe namba ya usajili, majina ya mimea, sehemu ya mmea iliyotumika, dondoo limetolewa kwa maji au kwa spiriti, na kiasi cha kiambata kikuu kwa kijiko kimoja. Akiyajibu, yachapeni majibu hayo ndani ya tangazo, kwa ukubwa uleule wa namba za simu. Akishindwa, mrudishieni fedha yake. Na sentensi ya "acha dawa za hospitali", au jamaa yake yoyote iliyofunikwa kwa maneno matamu, isipite kabisa.

Kwa mtengenezaji wa chupa ile ya mimea saba: kama husomi magazeti, wateja wako watakusomea. Mimi sina haja ya siri yako. Nina mizani ya kupimia, nina karatasi za kuchujia, na mkono bado haujasahau. Njoo na magome yako kabla hayajasagwa, tuyatambue moja moja, tuandike kwenye daftari uzito wa mmea na ujazo wa spiriti, ili walau mizigo yako miwili ianze kufanana kabla hujaipeleka kwa Mkemia. Sitakutoza. Duka lipo wazi kila siku hadi magharibi, Ijumaa nafungua baada ya swala.

Wako,
Muuza viungo, fundi sanifu mstaafu wa maabara,
Ngamiani, Tanga.
(Jina na anwani anavyo Mhariri.)